Fikra Chanya Si Kujidanganya: Somo la Dada Mmoja wa Kengeja

Kuna dada mmoja wa Kengeja, kusini mwa Pemba, ambaye kwa miezi minne alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote kwenye simu za rafiki zake. Kila asubuhi stetasi mpya. Jua linachomoza, kikombe cha kahawa, na maneno matamu: hakuna kushindwa, kuna kujifunza tu. Watu wakamwaga vimoyo. Wengine wakamwandikia, "Dada unanipa nguvu sana."

Kumbe ile kahawa ilikuwa ya jirani. Na ule mlango uliokuwa unaonekana nyuma yake kwenye picha, mwenye nyumba alikuwa ameshautia kufuli mara moja na kuufungua kwa kubembelezwa.

Stori yake ni fupi. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka popote, akavuka maji kwenda Dar kama wenzake wengi. Akaanza kuuza magauni na mikoba mtandaoni. Mzigo anauchukua Kariakoo, anapiga picha nzuri, anaposti, bodaboda anapeleka kwa mteja. Ikaenda vizuri tu. Akataka kukua. Mama yake kule nyumbani alipopokea zamu yake ya upatu, shilingi 600,000, akamtumia yote bila kubakisha. Dada akaongeza na za kwake, akamlipa mtu aliyemwahidi kumletea mzigo kutoka nje kwa bei ya kutupa.

Mtu yule akazima simu. Mpaka leo haijawaka.

Sasa, kuibiwa si kosa lake, na hilo lisemwe mapema kabla hajatokea mtu wa kusema "alivutia bahati mbaya kwa mawazo yake". Hapana. Aliibiwa na mwizi. Cha kujadili ni kile kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachowakuta vijana wengi wa mjini hivi sasa, na wengi wanakiita fikra chanya.

Hakumwambia mtu. Siku ya pili tu akaposti kwamba biashara inapanda. Mama akipiga simu kuuliza, anajibiwa, "Mzigo uko njiani mama, usiwe na wasiwasi." Ili picha ziendelee kupendeza akaazima nguo kwa shoga yake. Ili kodi ilipwe akaingia kwenye mikopo ile ya kausha damu, ya kwanza, halafu ya pili ili alipe ya kwanza. Kila usiku kabla ya kulala anasikiliza klipu za wahamasishaji zinazomwambia afumbe macho, ajione tayari ameshafika, ahisi harufu ya gari jipya. Analala na tabasamu. Anaamka na meseji ya mdai.

Somo hili walimu wake ni mastaa. Staa akiachwa leo, kesho yuko ufukweni na miwani mieusi, anasema yuko kwenye kipindi bora cha maisha yake. Nyimbo zikigoma, anasema anajenga msingi. Hakuna ubaya, ile ni kazi yake, na nyuma yake pengine kuna meneja, ndugu na akiba ya kumshika asianguke. Tatizo linakuja pale binti wa Kengeja anayelala chumba kimoja cha kupanga anapoiga uso wa staa bila kuwa na mto wa staa. Akianguka, anaangukia sakafuni.

Na hata sayansi haiko upande wa klipu zile. Mwanasaikolojia mmoja wa Ujerumani, Gabriele Oettingen, ametumia miaka mingi kuchunguza watu wanaojiota wamefanikiwa. Mwaka 2011 yeye na mwenzake Heather Kappes walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ndoto tamu za mambo yaliyokwisha kunyooka zinampunguzia mtu nguvu badala ya kumwongezea. Mwili unapumzika kana kwamba safari imeshaisha. Anachoshauri Oettingen ni kitu cha kawaida kabisa: taja unachokitaka, kisha papo hapo taja kizuizi kilichoko mbele yako, halafu panga utakifanyaje. Kizuizi kisipotajwa, ndoto inabaki kuwa usingizi.

Wapemba wana mchezo unaoeleza jambo hilo bila utafiti. Ni mchezo wa ng'ombe. Watu wanajaa uwanjani, wanawake wanaimba, ng'ombe anafunguliwa, na kijana anaingia na kitambaa kumchokoza. Ng'ombe hauawi. Yule kijana anayemchezea hajifanyi kwamba ng'ombe hayupo. Macho yake hayatoki kwenye zile pembe. Ujasiri wake wote unatokana na kujua kwa hakika ng'ombe yuko wapi na yeye atakimbilia wapi. Ingia pale umefumba macho ukijiambia "mimi ni mshindi", uone kitakachokupata.

Basi yule dada alifumba macho miezi minne. Pembe zikamfikia. Mwenye nyumba akatia kufuli mara ya pili, safari hii bila kufungua. Akakusanya magauni 11 yaliyokuwa hayajauzika, akaazima nauli, akapanda meli ya kwenda Mkoani. Kwenye stetasi akaandika: likizo kidogo nyumbani, kupumzisha akili.

Kurudi kijijini mkono mtupu kutoka Dar si jambo dogo. Watoto wanakimbilia begi. Majirani wanapita "kukusalimia" na macho yao yanapima. "Shoga, umenenepa, mjini kunakupenda eh?" Na wewe unacheka. Usiku unahesabu boriti za dari.

Alidumu na likizo yake siku tisa. Siku ya kumi simu ya mdai ikaita, naye yuko bafuni, mama akapokea.

Waliomjua mama huyo walitegemea makelele. Hakupiga. Alimngoja binti atoke, akamkalisha barazani, akamuuliza swali moja tu: "Laki sita, mwanangu, unajua ni mwani kiasi gani ule?"

Binti hakujua. Alikuwa anajua bei ya gauni, bei ya bando, bei ya kutangaza posti. Ya mwani hakuijua.

"Kesho bamvua," mama akasema. "Twende ukahesabu."

Wasomaji wa mjini ambao mwani mnauona kwenye sabuni za kitalii tu, hii kazi ni hivi. Maji yakipwa sana, wakati wa bamvua, wanawake wanateremka pwani na vigingi, kamba na vile vijikamba vidogo vinavyoitwa taitai. Kila taitai inafungwa kipande cha mbegu. Kamba moja ina vipande kadhaa wa kadhaa. Unainama ndani ya maji, jua kichwani, chumvi miguuni, mpaka maji yarudi. Baada ya kama wiki sita unavuna, unabeba mzigo uliolowa, unaanika. Na mwani ukikauka uzito wake unapotea karibu wote. Kwa bei ya shilingi 600 kwa kilo, zile laki sita ni tani nzima ya mwani mkavu. Kilo elfu moja. Mgongo wa mama mmoja.

Inasemekana binti alilia pale pale majini, na mama akamwacha alie. Hakumwambia "usilie, kuna sababu". Akaendelea kufunga taitai.

Na hapa ndipo upande mzuri wa shida unapoanza, tofauti kabisa na pale stetasi zinaposema. Unaanza pale mtu anapojua hasara yake ni kiasi gani. Mpaka siku ile, dada alikuwa na kitu kikubwa cheusi kisicho na jina kinachomkaba usiku. Baada ya siku ile alikuwa na hesabu. Mama, 600,000. Mkopo wa kwanza, umebaki kiasi hiki. Wa pili, kiasi hiki. Shoga wa Dar, nauli. Hesabu inauma, lakini hesabu ina mwisho. Hofu haina.

Wakulima wa mwani wenyewe wamepita njia hiyo hiyo. Kilimo hiki cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, kule Paje na Jambiani, kisha kikaenea mpaka Pemba, ambayo leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Walikuwa na aina mbili. Kuna kotoni, yenye bei nzuri, na kuna spinosum, yenye bei ndogo. Kisha bahari ikaanza kuwa ya moto. Kotoni ikawa inapauka, inaoza na kukatika kwenye kamba. Mwanamke anateremka asubuhi, anakuta kamba tupu.

Wangeweza kusema "itarudi tu, tuwe chanya" na kuendelea kufunga kotoni kwenye maji yale yale. Hawakufanya hivyo. Wengi walikubali kwamba kotoni imekufa pale, wakashika spinosum iliyokuwa inavumilia joto. Bei yake ni ndogo? Ndiyo. Basi wengine wakajiuliza kitu gani kingine kinaweza kufanywa na mwani zaidi ya kuuza makavu kwenye magunia. Mtafiti Flower Msuya, aliyekuwa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja, alisaidia kuanzisha mwaka 2006 umoja wa wakulima, watafiti na wanunuzi wa mwani, na wanawake wa sehemu kama Kidoti wakajifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Kipande kimoja cha sabuni kinaingiza pesa ambayo kilo nzima ya mwani mkavu ilikuwa haiingizi.

Lakini usidanganywe hapo pia. Wapo walioambiwa kotoni bado inaota kwenye maji ya kina kirefu, ambako hakuna joto kali. Kweli inaota. Ila kule kunahitaji boti na kujua kuogelea, na wanawake wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea. Mtazamo peke yake hauelei. Mwanamke yule anahitaji boti na mtu wa kumfundisha, na anayemwambia "badilisha fikra zako tu" wakati yeye amekaa kwenye kiyoyozi, anamkosea adabu.

Kuna shida nyingine ambazo hazina upande mzuri kwa aliyepatwa, na fikra chanya ya kweli inajua kunyamaza. Pemba inalifahamu hilo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba, na mamia ya watu walipotea. Nyumba nyingi za kisiwa hiki zilifunga turubai la msiba wiki ile. Hakuna mtu mwenye akili aliyesimama kwenye turubai lile akasema "angalia upande mzuri". Watu walikaa na wafiwa. Walipika. Walisoma khitma. Kama kuna uzuri wowote ulioonekana, ulikuwa kwenye mikono ya waliokuja. Msiba wenyewe haukuwa nao.

Na kuna wakati upande mzuri wa shida yako uko kwenye kisiwa cha mwenzio. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Karafuu ikapanda bei, mashamba ya Pemba yakawa ndiyo tegemeo, na mpaka leo karafuu ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ni ya Pemba. Kitabuni inasomeka kama neema. Lakini mwenye shamba wa Unguja aliyeangalia mikarafuu yake imelala chini hakupata neema yoyote, na jasho lililopanda mikarafuu ya Pemba siku zile lilikuwa la watumwa, ambao hakuna aliyewauliza mtazamo wao. Kwa hiyo ukisikia "kila jambo lina faida yake", uliza swali dogo: faida ya nani?

Sasa mtu atasema, basi tulie tu? La hasha. Mtazamo una nguvu yake, na Zanzibar ina ushahidi unaojulikana dunia nzima. Siti binti Saad alizaliwa Fumba kwenye familia ya kimaskini ya wafinyanzi, akawa anatembeza vyungu mjini. Alipoanza kung'aa kwenye taarabu wapo waliomkejeli, kwa asili yake, kwa umaskini wake, mpaka kwa sura yake. Leo mngesema alikuwa anatrendi kwa matusi. Yeye hakujifanya hakusikia. Alijibu kwa wimbo, akaichukua ile kejeli ya sura akaigeuza kuwa hoja kwamba uzuri si kitu mbele ya akili. Mwaka 1928 akavuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaja kuandika wasifu wake. Waliomkejeli, majina yao nani anayakumbuka?

Tazama alichofanya lakini. Sura waliyoicheka hakuibadilisha, wala hakusema haipo. Alihesabu alichonacho, akakuta ana sauti, akaanzia hapo.

Ndivyo alivyofanya na dada wa Kengeja, kwa kiwango chake. Alikaa na mama yake wakaandika kwenye daftari la skuli kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza: kilichopotea na ninaowadai na wanaonidai. Ukurasa wa pili: kilichobaki. Wa pili ulianza mfupi. Magauni 11. Simu yenye kioo kilichopasuka lakini kamera nzima. Wafuasi 900 na ushee. Kujua kupiga picha ya kitu mpaka mtu akitake. Mama aliyebaki upande wake, ingawa kanuna.

Halafu akafanya jambo ambalo lilimtoa jasho kuliko mwani. Aliwapigia wadai mmoja mmoja kabla hawajampigia yeye, akawaambia ukweli na kiasi atakachoweza kwa mwezi. Mmoja alimtukana. Mmoja alikubali. Shoga wa Dar alisema, "Wewe, kumbe! Na mimi nilikuwa nakuonea wivu." Alikwenda polisi akaripoti wizi, akapewa namba ya RB, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza lakini aibu ilimfunga mdomo. Aibu hiyo ndiyo iliyomlinda mwizi miezi minne.

Idi ilikuwa karibu. Magauni yale 11, ambayo Dar yalikuwa yamepitwa na fasheni, Kengeja na Mkoani yalikuwa mapya kabisa. Akayapiga picha kwenye uzi wa kuanikia, bila filta. Tisa yakatoka kabla ya Idi. Pesa ya kwanza alimpa mama, shilingi 100,000. Mama akazihesabu mara mbili, akasema, "Bado laki tano," akaenda kuwasha moto. Ndiyo sherehe yote iliyofanyika.

Leo hajawa tajiri. Usitafute mwisho wa filamu. Bado anadaiwa, bado yule mtu amezima simu, na kwenye bamvua anateremka na mama yake kufunga taitai, mgongo unamuuma. Ila wanawake wawili watatu wa pale wameanza kumpelekea vitu vyao awapigie picha na kuwatafutia wateja wa Chake na Unguja, naye anachukua kamisheni ndogo. Na usiku analala. Hajioni tena na gari jipya. Analala kwa sababu simu ikiita, yeyote anaweza kuipokea.

Huo ndio upande mzuri wa shida yake. Hakuutoa kwenye klipu wala hakuuazima kwa shoga. Aliupata siku aliyoacha kusema "niko likizo".

Kwa hiyo wewe unayesoma hapo na tabasamu la kulazimisha, jaribu hivi leo usiku. Kabla hujaandika maneno ya kujipa moyo, chukua karatasi uandike kilichokupata kwa namba na kwa majina. Kiasi gani kimepotea. Nani anakudai. Nani umemdanganya. Kisha geuza karatasi uandike kilichobaki, hata kama ni simu mbovu na mama aliyenuna. Usianze na upande wa pili. Wengi wanaanza na upande wa pili, ndiyo maana hawafiki.

Na stetasi yake ya mwisho? Haina jua wala kahawa. Ni picha ya kamba ya mwani, na chini ameandika: imebaki 500,000.